Madam Aliyerudi Kidato cha Pili

Kwetu Mgeta sauti inafika mahali kabla ya mtu. Ukiitwa kutoka ng'ambo ya bonde unasikia vizuri kabisa, lakini kumfikia aliyekuita ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena, jasho likutoke hata kama kuna ukungu. Ndiyo maana wengi wetu tulikijua kicheko cha Madam kabla hatujamjua mwenyewe. Kilianza chini kama mtu anayekohoa, kikapanda, kikamwagika bondeni, na kila aliyekisikia akajikuta anatabasamu bila kujua sababu. Mama yangu akiwa anapalilia karoti alikuwa akisimama, anaegemea jembe, anasema, "Haya, shule imefunguliwa."

Walimu wote wa kike tuliwaita Madam, lakini ukisema Madam peke yake, bila kuongeza wa darasa la ngapi wala wa somo gani, hakuna aliyekuuliza unamsema nani. Alikuwa mfupi, amejaa, mwepesi wa miguu kuliko umbo lake lilivyoonyesha. Ushungi wake ulikuwa safi kila siku, hata msimu wa matope ambapo sisi wengine tulifika shuleni tumepakwa udongo mpaka magotini. Bodaboda alipanda akienda juu tu. Kushuka hakukubali hata umbebe.

"Kupanda nampa dereva kazi," alisema. "Kushuka nampa Mungu kazi, naye ana mambo mengi."

Basi ungemkuta anashuka mlima kwa miguu, pikipiki iliyompandisha asubuhi ikimpita jioni na dereva akimpungia mkono.

Hakuogopa kuchekwa, hakuogopa wakubwa, hakuogopa nyoka. Aliogopa vyura. Mvua zikianza, vyura wanapanda kutoka mtoni mpaka madarasani, na akionekana mmoja chini ya dawati, Madam alikuwa juu ya kiti kabla sisi hatujageuka. Akiwa huko juu aliendelea kufundisha. Nakumbuka alitueleza maana ya ngeli ya ki-vi akiwa amesimama juu ya kiti, sketi ameishika kwa mkono mmoja, chaki mkono wa pili, na darasa zima likimfukuza chura kwa ufagio. "Chura kimoja au chura mmoja?" aliuliza kutoka juu. "Mmoja, Madam!" "Kwa nini, na sisi tunasema kitabu kimoja?" "Kwa sababu ana uhai, Madam!" "Basi mtoeni huyo mwenye uhai, tuendelee na visivyo na uhai!" Mpaka leo sijawahi kukosea ngeli hiyo.

Alikuwa Mwislamu katikati yetu sisi Wakatoliki. Mwezi wa Ramadhani akina mama walishindana kumpelekea futari: magimbi, maharage ya nazi, uji wa ulezi. Kwa kuwa hakuweza kumkatalia hata mmoja, alikula kwa wote, na ikifika Idi alikuwa amenenepa. "Jamani, mfungo huu wa Mgeta," alilalamika, "utanifungia na mlango, nishindwe kupita." Krismasi alikaa viti vya mbele kwenye sherehe, anapiga makofi kwaya ikiimba, na kwaya ikikosea maneno ya Kiswahili alishindwa kuvumilia. Aliwahi kumkatiza mwenyekiti wa kijiji katikati ya hotuba. Mwenyekiti alikuwa amesema, "Kamati imekaa, na imeona haina aja." Madam akasema kwa sauti, kwa upole, "Haja, mwenyekiti. Ina h." Mwenyekiti akasema, "Ahsante, Madam. Haina haja." Kisha akaendelea, na kila neno lililoanza kwa irabu akaliongezea h, kwa tahadhari, hata hotuba ikawa kama mtu anayepuliza moto.

Kiswahili ndicho kilikuwa chake. Alipangiwa shule yetu akifundishe hicho. Akikifundisha alikuwa anatembea kati ya madawati, anaimba, anaigiza sungura na fisi, anamfanya mtoto mwenye kigugumizi asome shairi mpaka mwisho. Lakini walimu kwetu walikuwa wachache kuliko madarasa. Mwalimu wa Kiingereza alihamishwa na hakuletwa mwingine. Mwalimu mkuu akamwambia Madam, "Shika na Kiingereza kwa muda." Muda huo ulikuwepo kabla sijazaliwa. Nikazaliwa, nikakua, nikafika darasa la tano, nikaukuta bado unaendelea.

Kengele ya Kiingereza ikigongwa, Madam alikuwa mtu mwingine. Alitugeuzia mgongo. Aliandika ubaoni kutoka kwenye kitabu, mstari kwa mstari, nasi tukanakili mstari kwa mstari. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja kwa dawati, na dawati lilikuwa la watoto wanne au watano, tukipokezana kurasa kwa zamu. Hakucheka. Mama yangu kule shambani alijua ratiba yetu kwa njia hiyo. Bonde likinyamaza ghafla, alisema, "Sasa hicho ni Kiingereza."

Tulimsalimia kwa wimbo tuliodhani ni neno moja refu, wiafainitenkyumadam, na tulilisema hata kwa mtu ambaye hakutuuliza hali. Alitufundisha kwamba *kitchen* na *chicken* hutamkwa sawa, maana yeye aliyasikia sawa, kwa hiyo jiko na kuku vikawa kitu kimoja, na darasa zima tuliandika kwamba mama anapika ndani ya kuku. Tukapata alama za vyema kote. Tulirudi nyumbani tumefurahi. Wazazi wetu, ambao nao walisoma hivyohivyo au hawakusoma kabisa, walizitazama zile vyema nyekundu na wakafurahi pia.

Furaha ile iliishia kwenye lango la sekondari.

Nilikwenda sekondari ya kata pamoja na Tekla, rafiki yangu wa tangu utotoni, ambaye alikuwa na akili kuliko mimi. Hesabu alizifanya kichwani wakati sisi tunatafuta kalamu. Siku ya kwanza mwalimu wa Fizikia aliingia, akazungumza kipindi kizima, akatoka. Tekla akaniuliza, "Skola, amesema nini?" Nikamwambia sijui. Akaingia wa Jiografia, akatoka. Wa Baiolojia, akatoka. Masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na sisi tulikuwa na kuku jikoni na neno moja refu la salamu. Wengi wa walimu, wakiona tumekodoa macho, walieleza kwa Kiswahili kwa siri, lakini mtihani haukuwa na siri hiyo. Nikaacha kunyoosha mkono. Wiki zikapita, muhula ukapita, sijatamka neno darasani. Nilikuwa bubu mwenye sare safi.

Tekla hakuvumilia. Siku moja nilimpitia nyumbani twende shule nikamkuta anafunga kanga kiunoni.

"Huendi?"

"Naenda shamba."

"Tekla, hesabu je?"

"Hata hesabu siku hizi zinauliza kwa Kiingereza," alisema. Akachukua jembe lake. "Afadhali hili. Halinisemeshi."

Hakurudi tena. Sijawahi kusikia mtu akieleza tatizo la shule zetu kwa maneno machache kuliko hayo.

Nilikuwa nimeanza kidato cha pili wakati jambo la Bonifasi lilipotokea.

Bonifasi alikuwa kijana aliyetutangulia miaka kadhaa. Kwa Madam alisoma, na kila mwaka alikuwa wa kwanza darasani. Madam alimtaja kwetu mpaka tukamchukia kidogo: Bonifasi hivi, Bonifasi vile, mwandiko wa Bonifasi. Sekondari alimaliza bila kufaulu, akarudi kulima. Mwaka ule alipanda kabichi kwenye mteremko mzuri, karibu na barabara ambapo malori ya Dar hupakia, na alitaka zile kabichi ziezeke nyumba yake kwa bati, maana alikuwa anaoa. Viwavi wakaingia. Akanunua mnadani chupa ya dawa. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza na muuzaji alishaondoka. Bonifasi akaichukua chupa, akaenda kwa mtu aliyemwamini kuliko wote.

Madam mwenyewe ndiye aliyetusimulia baadaye, mbele ya watu wote. Alisema aliishika chupa, akaigeuza. Alitambua neno moja hapa, moja pale. Kulikuwa na picha ya jani bichi. Bonifasi alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, kama enzi za darasani, anasubiri. "Ningeweza kumwambia sijui," alisema. "Neno fupi tu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa Kiingereza." Kwa hiyo akasema kwa sauti ya uhakika, "Hii ni ya majani ya kabichi, mwanangu. Pulizia."

Ilikuwa dawa ya kuua magugu.

Kabichi zilianza kupauka pembeni, kisha zikajikunja, kisha mteremko mzima ukawa rangi ya karatasi iliyolowa chai. Bwana shamba alipita, akaisoma chupa, akamwambia. Bonifasi hakugomba na mtu. Aliketi kwenye ukingo wa shamba, na watu waliopita walimsalimia naye akaitikia vizuri.

Madam alipopata habari alishuka mwenyewe kwa miguu hadi pale. Nilikuwa ng'ambo ya mto nachota maji, nikamwona anakaa chini karibu naye, kwenye udongo, na ushungi wake ule mweupe. Walikaa muda mrefu. Walichosema sikukisikia, lakini baada ya hapo Madam mwenyewe aliomba mkutano wa wazazi.

Mkutano ulijaa. Sisi wa sekondari tulisimama madirishani. Mwalimu mkuu alifungua kwa salamu ndefu, kisha Madam akasimama. Hakuwa na karatasi.

"Ndugu wazazi," alisema, "miaka yote hii nimewafundisha watoto wenu Kiingereza. Mimi Kiingereza sikijui."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wake. Akasubiri wamalize.

"Sikijui. Nilikikariri nikafaulu mtihani, mtihani ukaisha, nacho kikaisha. Nilipopewa hicho kipindi niliogopa kusema. Nikaandika ubaoni nisichokielewa, watoto wakaandika daftarini wasichokielewa, nami nikaweka vyema. Sasa mmeona shamba la Bonifasi."

Kisha mzee mmoja akasimama nyuma, amekasirika hasa, akasema walimu wanalipwa bure. Mama mmoja akasema mwanawe ameacha shule kwa ajili hiyo. Alikuwa mama yake Tekla. Madam alisikiliza kila mmoja amesimama, hakujitetea, hakutaja kwamba shule haina walimu wala vitabu, ingawa kila mtu alijua. Mwalimu mkuu ndiye aliyesema hayo, na alisema kweli: ameandika barua mara nyingi, mwalimu haletwi, na kipindi hakiwezi kubaki wazi.

Halafu Bonifasi akasimama. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mimi sina neno na Mwalimu," alisema. "Nina swali. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Kama wa kwanza ndiye mimi, wa mwisho yuko wapi?"

Nilitazama chini, kwa sababu nilijua mmoja wao yuko wapi: amesimama dirishani, amevaa sare.

Madam alijifuta macho kwa ncha ya ushungi. Akasema, "Kipindi nitaendelea nacho, maana hakuna mwingine. Lakini nitajifunza."

"Utajifunza wapi, na umri huo?" aliuliza bibi mmoja, si kwa ubaya.

"Pale wanapojifunza wenzangu," alisema Madam. "Nitarudi sekondari."

Tulidhani ni maneno ya mkutanoni. Wiki iliyofuata, kipindi cha mwisho cha mchana, mlango wa darasa letu la kidato cha pili ulifunguliwa, Madam akaingia na daftari jipya na kalamu mbili. Tulisimama wote kwa mazoea. "Shikamoo Madam!" Akasema, "Marahaba, kaeni wanafunzi wenzangu," akaenda kukaa dawati la nyuma, akabanwa kidogo, akajisukuma mpaka akaenea.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana aliyekuwa anajitolea baada ya kumaliza chuo. Alikijua Kiingereza vizuri lakini alikuwa amekata tamaa nasi. Alikuwa akiuliza swali, tunatazama meza, anajijibu mwenyewe. Siku ile aliuliza kama kawaida tulifanya nini jana. Kimya kama kawaida. Mkono ukanyooka nyuma.

"Yes, Madam," alisema, na jasho likamtoka, maana kwa umri yeye angeweza kuwa mwanawe.

Madam akasimama. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mfereji.

"*Yesterday I goed to the river,*" alisema, "*and I see two frog and they runned me.*"

Kwanza hatukujua tufanye nini. Kumcheka mwalimu ni adabu gani? Lakini yeye mwenyewe alishaanza, kile kicheko chake, kutoka chini, na kilipopanda hakuna aliyeweza kujizuia. Tulicheka mpaka wa darasa la jirani wakachungulia. Kijana naye alicheka, akaandika sentensi ile ubaoni, akairekebisha neno kwa neno.

"Kumbe ni *went*!" Madam alisema kwa mshangao wa kweli. "Sasa hilo *went* limetokea wapi, mbona halifanani na *go* hata kidogo? Hawa ni ndugu kweli?" Akaandika. Kisha akatutazama sisi tulio mbele. "Haya, mimi nimeshavunja vyombo. Anayefuata hawezi kuvunja zaidi."

Sijui ni nini kiliniinua. Nadhani ni kule kujua kwamba kosa langu lisingeweza kuwa kubwa kuliko la mwalimu wangu. Nilinyoosha mkono, kwa mara ya kwanza tangu nifike shule ile. Nikasimama. Nilitaka kusema kwamba jana nilimpikia mama.

"*Yesterday,*" nilisema, "*I cooked my mother.*"

Kijana alifunika uso. Kutoka nyuma Madam aliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayejali, "Chumvi ilikolea?"

Darasa lilianguka. Nilicheka nikiwa nimesimama, machozi yananitoka, na katikati ya kucheka nikagundua kwamba sijaumia. Nimekosea mbele ya watu wote na niko mzima. Baada yangu mkono mwingine ukanyooka, na mwingine. Siku ile kengele iligongwa na watu bado wanataka kusema.

Alikuja mwaka mzima. Mvua ikinyesha alikuja na mwavuli, na viatu vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa na msemo aliokuwa akiurudia: "Kosa ni mgeni. Mkaribishe, mwulize katokea wapi, kisha msindikize. Usimfiche chumbani, atakuzalia." Kijana yule akafufuka. Akaanza kuja na habari za magazeti, nyimbo, mapishi. Na siku moja akaja na chupa za dawa za mashambani, tupu, zimeoshwa, akazigawa kwa kila dawati, tukajifunza kusoma lebo: kwa ajili ya nini, kiasi gani cha maji, usivune mpaka lini. Madam alisoma yake kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho hakucheka. Alisema tu, "Haya," akakaa.

Kule shule ya msingi, darasa lake la saba nalo lilikuwa na mambo yake. Mdogo wangu alikuwa humo, akanisimulia. Asubuhi moja Madam aliingia, akawaambia wafungue daftari za Kiingereza ukurasa wa kwanza. "Hapa niliwadanganya," alisema. "Na hapa. Hapa kidogo. Hapa sana." Akaanza upya. Jiko likatengana na kuku. Akaweka sheria kwamba atakayemkamata mwalimu amekosea atapewa karoti, na alikuja na karoti za kutosha, amezifunga kwenye kanga. Watoto ambao zamani walikuwa wanasinzia sasa walimsikiliza kama askari wa barabarani wanaotafuta kosa. Mdogo wangu alikula karoti nyingi muhula ule. Na kutoka kule shambani mama alisimamisha jembe lake, akasikiliza, akaniambia jioni, "Skola, siku hizi Kiingereza nacho kinacheka."

Sitaki kusema kwamba kila kitu kilinyooka. Shule ilibaki na walimu walewale wachache. Darasani kwetu tulifaulu wengi mtihani wa kidato cha pili, kuliko waliotutangulia, lakini si wote. Madam alikwenda kwa Tekla, akamwomba radhi mbele ya mama yake, akamsihi arudi. Tekla alimkaribisha, akampa kiti na chai, akamsikiliza kwa heshima, akakataa. Leo ana bustani nzuri ya stroberi na watoto watatu, na bado anapiga hesabu kichwani kuwashinda madalali. Lakini simu yake ikileta ujumbe wa Kiingereza, anautuma kwangu. Madam alisema kwamba kwa Tekla ndipo aliposhindwa, na hakutaka mtu ambembeleze juu ya hilo.

Bonifasi alipanda kabichi tena. Madam alishiriki kupanda, Jumamosi tatu au nne, ameinama mteremkoni pamoja na wanakijiji wengine, na tunaambiwa mistari yake ilikuwa imepinda, akarekebishwa, akashukuru. Harusi ilichelewa msimu mmoja. Bati zilipandishwa. Kwenye sherehe bwana harusi alimpa Madam kipaza sauti aseme neno la busara, na neno lake likawa, "Mpendane, na msome maelekezo."

Mimi nina duka la pembejeo hapa Mgeta, mbegu na mbolea na dawa. Mtu akija kununua chupa, nafungua kaunta, natoka nje, tunasoma lebo pamoja. Wateja wengine wananiambia nachelewesha. Nawaambia wasubiri.

Madam alistaafu akahama, nami kwa muda mrefu sikumwona, mpaka mwaka jana nilipokuwa nakwenda Dodoma kumtembelea dada yangu. Basi lilisimama Dumila watu wanunue chakula. Nilikuwa nachagua mahindi ya kuchoma, moshi umenijaa machoni, nikasikia kicheko.

Niliacha mahindi. Kando ya barabara kulikuwa na lori kubwa la masafa limeharibika, boneti limefunuliwa, na fundi amezama ndani nusu. Dereva alikuwa mgeni, mrefu, namba za gari zilikuwa za nchi nyingine. Kati ya fundi na dereva alisimama Madam, amezeeka, ana fimbo, ushungi safi, anatafsiri.

"*He say the pipe is broken,*" alimwambia dereva. "*The pipe of the water. You must to wait. Two hours, three hours. Not to cry.*"

"*I am not crying, Mama,*" dereva alisema.

"Anasema halii," Madam alimwambia fundi.

Iliendelea hivyo, swali na jibu, fundi akidai hiki na dereva akiuliza kile, watu wamezunguka wanafurahia. Makosa yalikuwepo, lakini hakuna kitu kilichopotea njiani. Walipoelewana, dereva alimshika Madam mikono yote miwili, akainama, akasema kwa Kiswahili kizuri cha huko kwao magharibi, "Asante sana, Mama. Umenisaidia kweli."

Madam akarudi nyuma hatua moja. "Unajua Kiswahili?"

"Najua, Mama."

"Mbona hukusema?"

"Ulivyoanza, nikaona unafurahi sana. Nikaona haya kukukatiza."

Basi! Alicheka akishikilia lori. Fundi alitoka chini ya boneti kucheka vizuri. Nilisubiri atulie, nikasogea.

"Shikamoo Madam."

Alinitazama, akakunja jicho moja. "Marahaba. Usiniambie. Wewe ndiye uliyempika mama yako."

"Ndiye mimi."

Akanikumbatia, akaniuliza kama mama hajambo na kama mlima mzima, na dereva wa basi langu akaanza kupiga honi. Nilimwambia haraka habari za duka, na kwamba nina binti darasa la tatu, shule ileile.

"Anayemfundisha Kiingereza ni nani?"

"Kijana mmoja, kaletwa mwaka huu. Mgeni kwetu."

"Anakijua?"

Sikuwahi kujiuliza. Niliona vyema kwenye daftari la mtoto, nikafurahi.

Madam hakunilaumu. Aliushika mkono wangu, akausugua kama mtu anayepasha mtoto joto. "Ukirudi, nenda kamsalimie," alisema. "Usimkague, wakaguzi wapo. Msalimie tu, umwulize anahitaji nini. Mimi miaka ile yote hakuna aliyeniuliza. Ningesema, Skola. Ningesema siku hiyohiyo."

Honi ikalia tena. Nikakimbilia basi.

Niliporudi kutoka Dodoma nilifunga duka mapema, nikapanda mpaka shuleni. Watoto walishaondoka. Kijana alikuwa peke yake ofisini, ana lundo la madaftari mbele yake na ana baridi, amejifunga blanketi mabegani. Nilimsalimia, nikasema mimi ni mama wa nani. Akasimama kwa wasiwasi, akauliza kama mtoto ana tatizo.

"Hapana," nilisema. "Nimekuja kukuuliza wewe. Unahitaji nini?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama nina utani. Kisha uso wake ukalegea, akacheka kicheko kifupi cha aibu. Ofisi ilikuwa na kiti kimoja. Alikitoa nyuma ya meza, akakipangusa kwa kona ya blanketi, akanisogezea, yeye akaenda kukaa dirishani.

"Basi kaa, dada yangu," alisema. "Ni mengi."